Safu Mbili za Pini

Jina la Mama Pini alipewa na mteja. Mzee mmoja mfugaji, ambaye naye wote walimwita Baba Vifaranga, aliingia siku moja bila hodi akamkuta amefumba macho, kidole kinatembea juu ya kompyuta ndogo iliyolala mezani, midomo inanong'ona: hii ya umeme, hii ya ardhi, hii ya kihisi joto, hii ukiigusa vibaya umeiua. Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi, mpaka mnong'ono ukaisha.

"Yaani unazijua kwa kupapasa?"

"Kama wewe unavyowajua kuku wako, mzee wangu."

"Mimi? Kuku wangu simjui hata mmoja, wote naona wanafanana. Wewe hizi ni kama umezizaa."

Jina likashika. Hakulipinga. Kusema kweli alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake, kwa kuwa la wazazi hakulifanyia kazi yoyote.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Meza ndefu chini ya dirisha, pasi ya solda kwenye kishikio chake, makopo ya skrubu, feni isiyozunguka mpaka uisukume kwa kidole. Uani mumewe alikata mbao na kuzigonga ziwe masanduku ya kutotolea vifaranga, na unga wa mbao uliingia ndani kwa chini ya mlango kama mgeni asiyejua kuaga. Mume alitengeneza sanduku, mke akalitia ubongo. Ubongo wenyewe ni kompyuta ya bodi moja, ukubwa wa kadi ya benki na unene wa kidole, ubavuni ina safu mbili za pini zilizosimama kama meno ya kitana. Kwenye pini hizo unachomeka unachotaka: kihisi joto, taa, mota ya kugeuza mayai.

Lakini kompyuta haina macho. Linux, mfumo unaoiendesha, haiwezi kujua kwamba kwenye pini hii umechomeka taa na kwenye ile mota. Lazima iambiwe kwa maandishi. Maandishi hayo mafundi huyaita mti wa vifaa, kwa sababu kila kitu ndani yake kinaning'inia kwenye kitu kingine, tawi juu ya tawi, hadi kwenye shina. Na tabu yake ni hii: kila aina ya kompyuta inaziita pini zake kwa majina ya ndani ya tumbo lake. Pini iliyo pale pale, kwenye soketi ile ile, yaani safu zile mbili, huku ina jina hili na kule ina jina lile. Bodi moja ya nyongeza, ile ya kuchomekwa kwenye pini, kama ya kutotolea aliyoichora mwenyewe, ikihamia kompyuta nyingine inabidi mti uandikwe upya. Mama Pini ndiye aliyekuwa akiandika. Watu walimletea kompyuta za kila namna, naye alikaa chini, akachimbua vitabu vya watengenezaji, akaandika. Hiyo ilikuwa riziki yake, na zaidi ya riziki, ilikuwa sababu ya watu kushusha sauti wanapoingia chumbani mwake.

Kisha akaja wifi yake.

Dada wa mumewe, mdogo kwake kwa miaka mingi, alifika na mabegi na godoro lililokunjwa baada ya ofisi aliyokuwa akiandikia programu kufungwa. Ni Mama Pini mwenyewe aliyesema aje. Ni yeye aliyemsafishia nafasi upande wa pili wa meza ndefu, akamfundisha kushika pasi ya solda bila kuunguza kidole, akamwonyesha jinsi mti wa vifaa unavyoandikwa. Wifi alishika upesi. Alikuwa na kicheko cha karibu, na tabia ya kuuliza swali huku tayari ameinama kulijibu.

"Wifi," aliuliza asubuhi moja, "kwa nini tunaandika upya kila mara? Soketi si ni ile ile?"

"Soketi ni ile ile. Tumbo ndilo tofauti."

"Basi si tuieleze soketi yenyewe? Tuseme, hii ni soketi, pini yake ya saba ni ya saba, mambo ya tumboni ayajue mwenye tumbo. Halafu bodi ya nyongeza iongee na soketi tu. Inaandikwa mara moja, inakaa kwenye kompyuta yoyote."

Mama Pini alikuwa anasafisha ncha ya pasi. Aliendelea kuisafisha hata baada ya kung'aa. Wazo hilo lilishawahi kumpitia. Lilimpitia akianika nguo uani, miaka kadhaa nyuma, likiwa zima kabisa, na yeye akaliacha lipite kwa sababu lilimtisha kidogo: kama kila bodi ingekaa kwenye kila kompyuta, nani angehitaji kumjia? Alianika shuka, wazo likaondoka. Sasa limerudi likitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine.

"Ni kazi ngumu hiyo," alisema.

"Ndiyo maana tamu," wifi akajibu, akacheka.

Akaifanya. Aliandika maelezo ya soketi ya kompyuta aina moja, kisha ya pili, kisha nyingine, akayatuma kwa watu wanaoitunza Linux, ambao wametawanyika duniani na hubishana kwa barua pepe zinazosomwa na kila mtu. Mtunzaji wa sehemu hiyo alikuwa mtu asiyejulikana sura, bahili wa maneno kama analipia kila herufi. Wifi alimbandika jina la Mzee wa Miti. Mara ya kwanza Mzee wa Miti alijibu, "Hapana." Mara ya pili, "Hapana, ila umesogea." Mara iliyofuata akaandika, "Hii naielewa," na siku hiyo mume wa Mama Pini aliacha msumeno katikati ya ubao akaingia ndani na vumbi lake lote.

"Dada yangu! Huyu mtu hajawahi kumwambia mtu neno hilo, sivyo?"

"Sijui, kaka. Labda mke wake."

"Ana kichwa huyu," mume akamgeukia Mama Pini. "Tangu mdogo. Alifungua redio ya baba akairudisha, na zikabaki skrubu kiganjani, na redio ikaimba!"

"Umeshanihadithia," Mama Pini alisema.

"Acha nikuhadithie tena."

Akahadithia tena. Mama Pini alitabasamu palipohitaji tabasamu. Alijiuliza lini mara ya mwisho mumewe aliacha msumeno kwa ajili yake, na jibu lilipochelewa kuja, akachukia kwamba ameuliza.

Wivu ulikaa naye kwenye kiti kimoja. Aliusikia wateja walipoingia na, kabla ya kuketi, wakachungulia upande wa pili wa meza. "Yule dada yupo?" Baba Vifaranga ndiye aliyemmaliza kabisa. Alisimama mlangoni siku moja, akasikia wifi akieleza jambo kwa simu, haraka na kwa furaha, akapiga kelele, "Mama Pini! Naona siku hizi wifi yako ina kasi, tena haikatiki!" Akaangua kicheko, wifi akaangua kicheko, hata msumeno uani ukanyamaza ili mwenye msumeno acheke. Mama Pini alicheka pia. Kilimtoka kicheko kikavu, kama mtu anayekohoa vumbi.

Na jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha tu. Kampuni moja ya mbali ilikuwa imemwandikia wifi kwamba inaifuatilia kazi yake, na ikipokelewa ndani ya Linux watazungumza naye habari za ajira. Wifi hakutamba nalo. Alilisema mezani wakati wa kula, kwa sauti ndogo, huku akichora duara kwenye kitambaa kwa kidole. Alikuwa amekaa bila mshahara muda mrefu, na alikuwa amechoka kuwa mgeni. Mama Pini aliuona uchovu huo vizuri. Akauona na hakuuhurumia kama alivyopaswa, na hilo nalo likamkera.

Kikabaki kikwazo kimoja. Katika kompyuta ambazo wifi alikuwa amezieleza, mojawapo ilikuwa ya zamani, nzito na ya polepole, ambayo mtengenezaji wake alishaacha kuitoa lakini bado ilitumika katika mashule na mabanda ya kuku mengi. Pale karakana waliiita Kobe. Mzee wa Miti alitaka mtu aijaribu kwenye Kobe halisi na aandike jina lake. Utaratibu wa watu hawa ni kwamba aliyeandika hajitolei ushahidi mwenyewe; lazima mkono mwingine uchomeke, jicho lingine litazame, na jina la mwenye jicho hilo liandikwe chini ya kazi, wote walione.

"Kobe unaye wewe, wifi yangu," wifi alisema. "Na hakuna mtu ninayemwamini kama wewe. Jaribu, useme utakachokiona. Mimi natoka nisije nikakupumulia shingoni."

Alimwachia bodi ndogo ya majaribio aliyoitengeneza kwa mkono wake: mstari wa taa ndogo ndogo, ambazo maelezo ya soketi yakiwa sahihi zinawaka moja baada ya nyingine, kama watu wanaopokezana salamu. Umeme wake iliupata kwa waya wa pembeni. Kutoka kwenye pini ilihitaji amri tu. Kobe alikuwa ndani ya sanduku la mbao la mumewe, pini zake zimejificha nyuma ya ubao, kwa hiyo Mama Pini akachukua waya bapa wa karakana, ule wa kijivu unaotoka kwenye pini hadi nje, akachomeka bodi ya taa mwisho wake. Akapakia faili la wifi. Akawasha.

Taa zikabaki giza, isipokuwa moja iliyowaka si zamu yake.

Akazima, akawasha tena. Vile vile. Na hapo kitu kikamfunguka kifuani, chepesi, kitamu, kama kuvua kiatu kilichobana tangu asubuhi. Imekataa. Kichwa chote kile, na imekataa. Angeweza kuchukua mita akapima. Mteja yeyote angemletea jambo kama hilo, kitu cha kwanza angefanya ni kupima waya kutoka mwisho hadi mwisho; alikuwa akiwakaripia watu kwa kutopima. Hakupima. Alivuta kiti, akaandika barua fupi ya kiungwana, yenye pole ndani yake, akisema kwamba amejaribu kwenye kompyuta hiyo na haifanyi kazi, akaweka jina lake kamili. Akaituma kabla wifi hajarudi.

Mzee wa Miti akajibu, "Basi irudishwe mpaka ijulikane kwa nini." Kazi yote ikasimama, si ya Kobe peke yake.

Wifi hakumlaumu. Alikaa mbele ya Kobe siku nzima akarudia jaribio kwa macho yake, taa zikamgomea vile vile kama zilivyomgomea mwenzake. Alipitia faili lake mstari kwa mstari. Waya hakuushuku, maana waya huo huo ndio uliokuwa ukiendesha mashine za kutotolea miaka yote, na vifaranga vilikuwa vikitoka.

Siku hizo Baba Vifaranga akaja na waya wake umetafunwa na panya.

"Wamekula rangi zote wakaacha kijivu," alisema, akauweka mezani.

"Ulikuwa kijivu wote, mzee wangu."

"Basi wamekula na hamu yangu. Nibanie mpya, mama, mayai yapo ndani na ninayaonea huruma kama yangu."

Mama Pini akakata kipande cha waya bapa, akatoa vichwa viwili vya plastiki, akakibana cha kwanza. Baba Vifaranga alikuwa anaeleza habari za jogoo fulani aliyekataa kulala bandani tangu alipoona kioo. Mikono ya Mama Pini ikachukua kichwa cha pili, ikakigeuza, mgongo juu, ikakisogeza kwenye waya. Ikasimama.

"…nikamwambia, wewe si mzuri hivyo…" Baba Vifaranga aliendelea.

Kwa nini nimekigeuza? Mama Pini alikitazama kichwa cha plastiki mkononi kana kwamba amekiokota njiani. Vidole vilijua, yeye alikuwa amesahau. Bodi yake ya kwanza kabisa, ile ya kutotolea, aliichora akiziangalia pini kutoka chini, tumboni, badala ya juu. Ukiziangalia kwa chini, safu ya kushoto inakuwa ya kulia. Aligundua bodi zikiwa zimeshatengenezwa, boksi zima. Hakuwa na moyo wa kuzitupa. Akabuni dawa: akabana kichwa kimoja cha waya kinyume, safu zikabadilishana tena, na kosa la bodi likafutwa na kosa la waya. Mashine zikafanya kazi. Bodi zilizofuata alizichora kwa kuiga ile ya kwanza, nyaya zilizofuata alizibana kwa kuiga ule wa kwanza, na kidogo kidogo kinyume kikawa ndio sawa. Karakana nzima hapakuwa na waya ulionyooka.

Bodi ya taa ya wifi ilikuwa imechorwa sahihi. Ilipita kwenye waya uliogeuzwa.

"Mbona umenyamaza?" Baba Vifaranga aliuliza. "Unamwonea huruma jogoo?"

"Hapana. Namsikiliza."

Akambania waya wake kinyume, kwa kuwa bodi yake ilikuwa kinyume, akamsindikiza mlangoni. Wifi alikuwa ametoka kwenda dukani. Mama Pini akabana waya mwingine, vichwa vyote viwili vikitazama upande mmoja, akauchomeka kwa Kobe, akapakia faili la kwanza la wifi bila kulibadilisha hata nukta. Taa zikawaka. Moja, kisha jirani yake, kisha jirani yake, hadi mwisho, zikarudi mwanzo, hazina haraka wala shaka.

Alizitazama kwa muda mrefu kuliko haja. Halafu akauchomoa waya ulionyooka, akausukuma nyuma ya makopo ya skrubu, akaurudisha wa zamani mahali pake.

Kusema kungekuwa kusema yote. Si kwamba alikosea siku moja tu. Kila bodi aliyoiuza ilikuwa imechorwa kutoka tumboni. Yeye aliyezijua pini kwa kupapasa alizijua kinyume. Na mtu ambaye angeambiwa ndiye huyo huyo, mwenye kicheko, mwenye redio ya baba.

Jioni ile wifi alilia sebuleni. Alilia kimya, ameegemea ukuta, simu imelala mapajani; kampuni ya mbali ilikuwa imemwandikia kwamba inaelewa, na kwamba watasubiri kuona. Mama Pini alitengeneza chai akampelekea. Akakaa karibu yake, akamwekea mkono begani.

"Usivunjike moyo," alimwambia.

"Sijui nimekosea wapi, wifi. Ningejua tu wapi."

"Utapajua."

Mkono ulikaa begani kama wa mtu mwingine.

Na wifi akapajua, au alidhani amepajua. Asubuhi moja aliruka kutoka kwenye kiti chake kiti kikaanguka.

"Nimepata! Njooni! Kaka, njoo!"

Msumeno ukanyamaza. Mumewe hakuingia mara moja. Walimsikia uani akitafuta viatu vyake.

"Si mimi niliyekosea," wifi alisema, macho yanang'aa, mikono haitulii. "Ni waliochora Kobe! Mchoro wa kitabuni waliuchora wakiangalia pini kwa chini, wifi. Kwa chini! Safu zimegeuka. Nimezigeuza kwenye faili, tazama."

Akawasha. Kwa waya ule wa kijivu, waya wa zamani, taa zikawaka moja moja hadi mwisho.

"Uliona wapi watu wazima wakafanya kosa la hivyo?" wifi alicheka. "Sasa andika wewe umejaribu na imekubali, natuma sasa hivi. Andika, mwalimu wangu."

Alimsogezea kompyuta. Barua ilikuwa tayari, pamebaki jina tu.

Mama Pini alizitazama taa. Angeandika, na asingekuwa ameandika uongo: amejaribu, zimewaka. Faili lingepokelewa. Kisha kila mwenye Kobe duniani, kila mwalimu na kila mfuga kuku mwenye waya ulionyooka, angechomeka bodi yake na ikakataa, na wote wangesoma jina la aliyeandika. Mzee wa Miti angeandika neno lake moja. Lile lililomkereketa Mama Pini miezi yote lingepata dawa, tena bila yeye kunyanyua mkono. Aliiona njia hiyo ilivyonyooka na akatamani kuipita. Hatuwezi kusema hakutamani.

Lakini faili lilikuwa wazi kwenye kioo, na ndani yake pini ya saba ilikuwa imeandikwa ya nane. Ya nane imeandikwa ya saba. Safu nzima imesimama mahali pa mwenzake, kwa maandishi, na watu watasoma kama ukweli. Hilo lilimkata mahali ambapo machozi ya sebuleni hayakufika. Pini hazikuwa na kosa.

"Usitume," alisema.

"Kwa nini? Si umeziona zimewaka?"

"Nimeziona."

"Sasa?"

"Kobe hajageuka. Waya ndio uliogeuka. Faili lako la kwanza lilikuwa sahihi."

Wifi akacheka. "Usinitanie bwana, wifi, asubuhi yote hii."

Mama Pini akaingiza mkono nyuma ya makopo, akautoa waya ulionyooka, akauchomeka. "Rudisha la kwanza."

Wifi akalirudisha. Taa zikawaka, moja na jirani yake na jirani yake. Wifi alizitazama zikimaliza mzunguko, zikaanza mwingine. Kicheko kilikuwa bado usoni lakini kimeshakufa.

"Huu waya umeubana lini?"

"Siku Baba Vifaranga alipoletewa balaa na panya."

"Siku hiyo," wifi alisema polepole, "jioni nililia pale sebuleni."

"Ndiyo."

"Ukaniletea chai."

"Nilikuletea."

"Ukaniambia nisivunjike moyo. Huku unajua."

"Najua. Nilikuwa najua."

Feni ilikuwa imesimama. Hakuna aliyeisukuma.

"Nilikukosea nini, wifi? Niambie tu. Nilikula nini chako?"

"Hukunikosea." Mama Pini alitaka kuishia hapo, lakini maneno yalikuwa yameshaanza safari. "Wazo lile lilikuwa langu. La soketi. Lilinijia kabla hujafika hapa. Nililiacha. Wewe hukuliacha."

"Kwa hiyo nami ningeliacha, tungekuwa sawa?"

Moyoni mwa Mama Pini jibu lilikuwa ndiyo.

Mume akaingia, kiatu kimoja kimevaliwa, kingine kinaburutwa, uso tayari umejiandaa kufurahi. "Vipi? Imekubali?"

Wifi alimtazama kaka yake, kisha mke wa kaka yake. "Imekubali, kaka. Waya ndio ulikuwa na hitilafu. Tumeshaupata."

"Waya tu! Nilijua! Nilisema, dada yangu hawezi…"

"Haukuwa na hitilafu," Mama Pini alisema. Aliona wifi akitikisa kichwa, kidogo sana, akimpa nafasi ya kunyamaza. Nafasi hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote. Hata msamaha, wifi alikuwa akiushika upesi, kama alivyoshika solda. "Niliubana mimi kinyume. Ninazibana zote kinyume, kwa sababu bodi zangu nilizichora kinyume. Nikaandika haifanyi kazi bila kupima. Nikajua, nikanyamaza, nikamwacha atafute."

Mumewe alibaki na kiatu chake. Kisha akatoka nje akikiburuta. Msumeno haukuanza.

"Andika wewe," wifi alisema, akamsogezea tena kompyuta. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hapakuwa na kitu ndani yake. "Jina lako ndilo lililosema haifanyi kazi."

Mama Pini akaandika. Aliandika kwamba waya wa karakana yake ulikuwa umebanwa kinyume, kwamba kosa ni lake na ni la zamani, kwamba maelezo ya kwanza ya soketi ni sahihi bila kubadilishwa chochote, na kwamba ameyajaribu kwenye kompyuta halisi yakafanya kazi. Siku aliyojua hakuitaja. Hiyo haikuwahusu watu wa Linux, na mwenye kuhusika alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake anasoma. Akaweka jina lake, akatuma.

Mzee wa Miti akajibu, "Hutokea. Imepokelewa." Kazi ikaingia, jina la wifi juu kama mwandishi, jina lake chini kama aliyejaribu. Mama Pini aliusoma mpangilio huo zaidi ya mara moja. Wivu ulikuwa bado upo. Alikuwa amedhani ungeondoka.

Akaanza kuchora bodi yake upya, kutoka juu, na kuwapigia wateja mmoja mmoja kuwaeleza.

"Kwa hiyo umeniuzia kinyume?" Baba Vifaranga aliuliza kwa simu.

"Ndiyo, mzee wangu. Bodi na waya, vyote viwili."

"Na vifaranga vikatoka?"

"Vikatoka."

"Basi niachie kinyume changu, nimeshakizoea."

Alikuwa bado ameshika simu hiyo wakati simu ya wifi ilipoita upande wa pili wa meza. Wifi akaitazama namba, akainuka, akatoka uani kuipokelea. Ilikuwa kampuni ya mbali. Sauti yake iliingia dirishani, changamfu, ile ile ya haraka na furaha, lakini sasa ilikuwa na uangalifu ndani yake. Mama Pini akaagana na mzee. Akasimama akalifunga dirisha. Akakaa. Akasimama tena, akalifungua.

"Ndiyo," wifi alikuwa akisema. "Hapana, kwenye ile ya zamani sikujitolea ushahidi mwenyewe. Alijaribu wifi yangu."

Mama Pini alisubiri neno lingine, zuri au baya, juu ya wifi huyo. Halikuja. Uani mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwenye habari za siku ya kuanza kazi.